Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kujiandaa na Nusu Marathoni ya Kilimanjaro Ukiwa Dar es Salaam

Ikifika Novemba, watu wa joging hapa Dar huanza kuulizana nani anakwenda Moshi. Mbio zenyewe hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo kuna muda wa kutosha wa kujiandaa, na muda wa kutosha wa kila kitu kuharibika. Maswali haya ndiyo yanayorudiwa kila msimu, watu wakiwa wamekaa pembeni mwa barabara baada ya mazoezi wanafungua kamba za viatu. Machache yanahusu kasi. Mengi yanahusu foleni, mvua, mtoto kuumwa, msiba na kiatu kuachia soli, na huko ndiko tumekaa zaidi.

## Mambo ya mwanzo

Nusu marathoni ni kilomita ngapi hasa?

Ni kilomita 21.0975, ingawa kwa mazungumzo ya kawaida watu husema 21. Wapo wanaoiona kama mbio ya walioshindwa marathoni kamili. Si kweli. Ina ubingwa wake wa dunia, na Mtanzania Fabiano Joseph aliutwaa mwaka 2005 kule Edmonton, Kanada.

Sijawahi kukimbia maishani. Wiki ngapi zinatosha?

Kama unaweza kutembea kwa kasi saa nzima bila shida, jipe wiki 14 hadi 16. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka mbio za Moshi, unaanza katikati ya Novemba. Wiki tatu za kwanza changanya: dakika mbili kukimbia, dakika moja kutembea, kwa nusu saa. Usione aibu kutembea, maana hata siku ya mbio kutembea kunaruhusiwa na kuna faida (tumeeleza kwenye sehemu ya siku ya mbio).

Mwenye presha, kisukari, pumu, au aliyewahi kubanwa na kifua akipanda ngazi, aanze kwa daktari.

Wiki moja ya mazoezi iweje?

Siku tatu zinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia. Siku mbili katikati ya wiki ni mbio fupi, kilomita 5 hadi 8. Siku ya tatu, mwisho wa wiki, ni mbio ndefu: anza na kilomita 8, ongeza moja au mbili kila wiki mpaka ufike 17 au 18. Kila wiki ya nne punguza, mwili upumue. Hakuna haja ya kufikisha 21 mazoezini.

Karibu zote zikimbiwe kwa mwendo wa mazungumzo, yaani unaweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukatisha sentensi kutafuta pumzi. Ukishindwa kuongea, punguza. Wanaoanza hukimbia mbio zao nyepesi kwa kasi mno, na ndiyo maana huchoka na mazoezi kabla ya Krismasi.

Nitamaliza kwa muda gani?

Anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 60 hutarajiwa kumaliza 21 kwa takriban saa 2 na dakika 12 kwenye njia tambarare. Njia ya Moshi si tambarare. Inapanda kuelekea Mweka kisha inageuza kushuka, na mji wenyewe uko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, wakati sisi tunafanya mazoezi ufukweni. Ongeza dakika kumi au zaidi kwenye hesabu yako na usihuzunike. Anayetaka kumaliza ndani ya saa tatu anahitaji wastani wa dakika 8 na sekunde 32 kwa kilomita, mwendo ambao hata mtu anayechanganya kukimbia na kutembea anauweza.

## Ratiba inapovurugika

Nimekosa mazoezi ya Jumanne na Alhamisi. Niyafidie Jumamosi?

Hapana. Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu lake ndilo tungependa kila mtu alishike hata akisahau mengine yote: mazoezi uliyoyakosa hayadaiwi. Yamepita. Endelea na siku iliyopo kwenye ratiba.

Sababu iko mwilini. Nguvu hujengeka wakati wa kupumzika baada ya mbio, na kano zinazoshika misuli kwenye mifupa hukomaa polepole kuliko pumzi. Mtu anayebana mbio tatu ndani ya siku mbili atajikuta pumzi inakubali, lakini kano za kisigino na misuli ya ugoko inakataa. Wengi tunaowaona Januari wakichechemea walikuwa salama wiki zote mpaka ile wiki waliyoamua kufidia.

Kama wiki imekuachia nafasi moja tu, itumie kwa mbio ndefu. Hiyo ndiyo ya kulindwa. Mbio fupi mbili zikipotea hakuna atakayejua Moshi, ila mbio ndefu nne zikipotea utazitafuta kilomita ya 15.

Na kama imepotea wiki nzima? Au mbili?

Wiki moja: rudia wiki uliyoishia. Wiki mbili: rudi hatua mbili nyuma kwenye ratiba na upunguze mbio ndefu kwa theluthi. Wiki tatu au zaidi, huku zimebaki chini ya sita, kaa na ufikirie upya. Siku hiyo hiyo Moshi kuna mbio za kilomita 5, na kuhamia huko si kushindwa. Au nenda 21 kwa mpango wa kutembea na kukimbia. Kama sababu ilikuwa ugonjwa, soma kwanza jibu la malaria.

Natoka kazini saa kumi na moja, foleni inanifikisha nyumbani saa mbili usiku. Nikimbie lini?

Alfajiri. Kwa Dar hakuna njia nyingine ya kudumu. Saa kumi na moja alfajiri barabara ni tupu, jua halijachomoza na bosi hajapiga simu. Andaa kila kitu usiku: nguo, soksi, funguo, chupa ya maji, vyote sehemu moja karibu na mlango. Umeme ukiwa umekatika na mtoto amelala, kutafuta soksi ya pili kwa tochi ya simu kunatosha kumrudisha mtu kitandani.

Wengine hushuka kwenye mwendokasi vituo vitatu kabla ya nyumbani na kumalizia kwa miguu wakiwa na kibegi kidogo kilichobana mgongoni. Ukipata dakika 25 hivyo, umefanya mazoezi ya siku.

Mtoto amekesha anaumwa, nimelala kwa saa tatu tu. Niende?

Lala. Halafu soma tena jibu kuhusu kufidia.

Tuna msiba.

Pole sana. Hapo ratiba inafungwa. Kukaa msibani, kulala mkekani, kusafiri usiku kwenda kuzika, vyote vinauchosha mwili hata kama hujapiga hatua moja ya mbio, na moyo nao una uchovu wake. Ukirudi, wiki ya kwanza kimbia mara mbili kwa wepesi, dakika 20 au 30, bila kutazama saa. Kisha hesabu kama ilivyoelezwa kwenye jibu la wiki zilizopotea. Wapo wanaosema mbio hizo za kwanza baada ya maziko ndizo zilizowasaidia kulia. Usizikimbie na mtu anayepiga hesabu za kasi.

Desemba nakwenda nyumbani Kilimanjaro kwa wiki mbili. Nitapoteza mazoezi?

Utayapata. Wachaga wanaopanda kwenda Krismasi wanapelekwa bure kwenye kile tunachokikosa Dar: mwinuko na milima. Ukiwa Kibosho, Machame au Marangu, sahau kilomita na ukimbie kwa muda, dakika 40 au 50. Ukipanda, fupisha hatua na tazama mita chache mbele. Ukishuka, usijizuie kwa visigino kila hatua, maana kushuka ndiko kunakoumiza mapaja siku mbili baadaye. Kimbia asubuhi kabla wageni hawajaanza kuingia, kwa sababu mbege ikishamiminwa hakuna anayekuruhusu kuondoka.

Wanaobaki Dar watumie vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani, au Kimara, au Pugu. Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa kilomita moja na kidogo, linafaa kwa kupima kasi, ila haliwezi kukuandaa kwa Mweka.

Ramadhani inaingiliana na mazoezi. Nifanyeje?

Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na miaka hii imefika kwenye msimu wetu. Waliofunga wengi hukimbia nusu saa nyepesi muda mfupi kabla ya futari, ili maji yawe karibu, au usiku baada ya tarawehe. Mbio ndefu ifupishwe na ikimbiwe usiku, ukiwa umekula na kunywa. Lengo la mwezi huo liwe kubaki na ulichonacho.

Mbio zikiangukia siku ya kufunga, hukumu yake muulize sheikh wako. Kwa upande wa mwili tunasema wazi: kilomita 21 juani bila maji ni hatari. Mbio nyingine zipo mwaka mzima.

## Barabara, jua na mvua

Januari nimekuwa mzito kuliko Novemba. Nimerudi nyuma?

La, ni joto. Januari na Februari ni miezi ya joto kali Dar, na unyevu wa pwani unazuia jasho kukauka, kwa hiyo moyo unafanya kazi mbili. Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 za mazoezi kuzoea. Punguza kasi, anza mapema zaidi, na ukihisi baridi au kizunguzungu katikati ya jua, simama, kaa kivulini, jimwagie maji, mwambie mtu.

Mvua za vuli zimeanza. Tunaendelea?

Mvua ya kawaida, ndiyo. Radi, hapana. Na usikanyage maji yaliyotuama barabarani, kwa sababu hujui kama chini yake kuna mfuniko wa mtaro au shimo tu.

Kiatu kikilowa, toa soli ya ndani na kamba, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe baada ya saa mbili zikishanyonya, kisha kiache kivulini penye upepo. Ukikianika juani au nyuma ya friji, gundi inalegea na sponji inakauka. Gazeti la jana linaokoa viatu vya laki mbili.

Upande gani wa barabara ni salama?

Upande unaotazamana na magari yanayokuja, ili uone kabla hujaonwa. Ila geuka utazame nyuma pia, kwa kuwa bodaboda hupita upande wowote. Kabla ya mapambazuko vaa kizibao kinachong'aa kama cha mafundi wa barabara. Kinauzwa bei ndogo. Spika za masikioni acha nyumbani au vaa moja tu.

Kina dada wanaokimbia alfajiri: nendeni kwa kundi. Joging za mitaani zipo karibu kila kata, na zinapokea mtu wa kasi yoyote.

Mbwa wakinifuata?

Acha kukimbia. Simama kiubavu, usimkodolee macho, rudi nyuma taratibu. Kuinama kama unaokota jiwe huwafukuza wengi. Ukiumwa au ukiparuzwa hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mara huua.

## Viatu na nguo

Raba za mtumba zinafaa?

Zinafaa ukijua kuchagua, na wakimbiaji wengi wa Karume wamevaa hizo. Fanya hivi. Weka kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, kiache, mwenye nacho wa kwanza alikanyaga hivyo na wewe utalazimika kukanyaga hivyo. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: ikiwa ngumu au ina mikunjo mingi, imekufa. Toa soli ya ndani uone alama za vidole vya mguu. Zikiwa zimedidimia, kiatu kimetembea sana. Vuta soli ya nje kidogo pale mbele, maana ndipo gundi huachia. Kisha vaa vyote viwili, jioni, miguu ikiwa imejaa, na ubakize nafasi ya kidole gumba cha mkono mbele.

Kiatu kizuri huhimili kama kilomita 500 hadi 800. Usivae kiatu kipya siku ya mbio.

Mapaja, kwapa na chuchu zinachubuka.

Mafuta ya mgando, kabla ya kutoka, kila palipo na msuguano. Fulana ya pamba iliyolowa jasho ndiyo adui mkubwa, kwa hiyo tumia ya michezo isiyoshika maji. Kina mama, sidiria ya kukimbilia ibane vizuri, na ijaribiwe kwenye mbio ndefu kwanza.

Malengelenge na kucha kuwa nyeusi?

Lengelenge dogo lisiloumiza liache. Kubwa, litoboe pembeni kwa sindano safi iliyopitishwa kwenye spiriti, kamua maji, acha ngozi ya juu ilivyo, funika. Kucha nyeusi maana yake kiatu ni kifupi au kucha ni ndefu. Itaanguka yenyewe, usiing'oe.

## Mwili

Nitajuaje maumivu ya kawaida na ya kuumia?

Maumivu ya kawaida yapo miguu yote miwili, ni mazito, na hupungua ukipasha mwili moto. Ya kuumia yapo sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, huongezeka unavyokimbia, au yanakufanya uchechemee. Ukichechemea, mazoezi yameisha siku hiyo.

Angalia sana ugoko. Maumivu yaliyosambaa kwenye mfupa wote kwa kawaida yanatokana na kuongeza kilomita haraka, na hupungua kwa mapumziko. Maumivu ya sehemu ndogo kama sarafu, yanayouma hata usiku umelala, yanahitaji daktari, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Kichomi kikinibana?

Punguza mwendo, toa pumzi yote kwa nguvu mara kadhaa huku ukibonyeza pale panapouma. Kikijirudia kila siku, angalia unakula saa ngapi.

Nimepata malaria. Narudi lini?

Kwanza pima, usidhani ni malaria kwa sababu tu mwili unauma baada ya mbio ndefu. Ikithibitika, maliza dozi yote hata kama siku ya pili umepona. Usikimbie ukiwa na homa kwa sababu yoyote. Homa ikishaondoka na hamu ya kula ikarudi, tembea siku kadhaa kwanza, kisha mbio za dakika 15. Malaria hupunguza damu, na damu ndiyo inayobeba hewa, kwa hiyo utahema kwenye mwendo uliokuwa mwepesi. Hilo huisha, lakini huchukua wiki.

Mafua ya puani tu hayazuii mbio nyepesi. Yakishuka kifuani, pumzika.

Nikiwa kwenye hedhi nikimbie?

Ndiyo, ukijisikia. Wengine tumbo hupungua kuuma wakikimbia polepole, wengine wanahitaji siku ya kwanza kupumzika, na zote ni sawa. Hedhi ikikoma miezi mitatu huku unafanya mazoezi na huna mimba, muone daktari. Mara nyingi unakula kidogo kuliko unavyotumia.

## Chakula na tumbo

Nile nini kabla ya mbio ndefu?

Unachokijua. Usiku: wali au ugali wa kutosha, mboga, maharage kidogo tu. Asubuhi, saa moja hadi mbili kabla: mkate na asali, ndizi mbivu mbili, au uji mwepesi. Zaidi ya dakika 75 barabarani, beba tende tatu nne au ndizi. Mwili unahitaji sukari njiani, na tende inaipeleka haraka.

Nabanwa na haja kubwa kila nikifika kilomita ya sita.

Wengi wanayo hii na wachache wanaisema. Kukimbia kunatikisa utumbo na kuuondolea damu. Siku moja kabla punguza maharage, maziwa, pilipili na mboga za majani nyingi. Amka mapema, kunywa kitu cha moto, subiri uende chooni kabla ya kutoka. Pitisha mbio ndefu karibu na kituo cha mafuta au msikiti unaokuruhusu, na beba karatasi.

Maji kiasi gani?

Kunywa unapohisi kiu, mafunda machache kila mara. Kunywa lita kwa lita kwa hofu nako kuna hatari: chumvi ya damu ikishuka, mtu huvimba vidole, huumwa kichwa, hutapika, na anaweza kupoteza fahamu. Kwa anayetoka jasho linaloacha chumvi nyeupe kwenye kofia, ORS ya duka la dawa baada ya mbio ndefu ni rahisi na inatosha.

## Safari na siku ya mbio

Nisafiri lini?

Mbio ni Jumapili. Safiri Ijumaa. Basi kutoka Dar huchukua sehemu kubwa ya siku, na miguu hujaa. Kila basi likisimama, shuka utembee. Chumba kilipie mapema, Moshi hujaa.

Nikitembea watanicheka?

Hakuna wa kukucheka kwenye kile kilima. Tembea kwa mpango: tangu kilomita ya kwanza, kimbia dakika nne, tembea moja. Anayesubiri mpaka achoke ndipo atembee, akianza kutembea haanzi tena kukimbia. Kumbuka nusu ya kwanza ni kupanda. Ukifika juu ukiwa na pumzi, kushuka utawapita waliokupita.

Nimeze diklofenaki asubuhi ili nisisikie goti?

Usimeze. Dawa za aina hiyo pamoja na jasho jingi zinaweza kuumiza figo, na goti linalohitaji dawa kabla ya kuanza halijawa tayari.

Nikiumia katikati, niendelee kama Akhwari?

John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, amefungwa bandeji. Tunamheshimu kwa moyo wote. Lakini alikuwa mkimbiaji aliyekomaa, kwenye Olimpiki, amebeba bendera. Pia watu husahau kwamba alirudi: miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwenye marathoni. Wewe una kazi Jumatatu na watoto wanaokusubiri. Ukichechemea, kaa chini na umuite mtu wa huduma ya kwanza.

## Mengineyo

Simu imeisha chaji, au imeibiwa. Nitapimaje?

Kwa muda. Saa ya mkononi ya kawaida inatosha. Dakika 50 za mwendo wa mazungumzo ni dakika 50, iwe zimehesabiwa au la. Akili ikitaka namba, tafuta uwanja wa riadha: mzunguko wa ndani ni mita 400.

Baada ya mbio nianze lini tena?

Wiki ya kwanza tembea, lala, kula. Ya pili, mbio fupi kama miguu haiumi kwenye ngazi.

Nimeumwa siku mbili kabla. Nimpe rafiki namba yangu akimbie?

Waulize waandaaji kama wanabadilisha majina, na wakikataa, iache. Namba ile imeunganishwa na jina lako, umri wako na mtu wa kupigiwa simu. Rafiki yako akianguka njiani, wahudumu watampigia mama yako, na watamtibu wakidhani ni wewe.